Pumziko Kabla ya Radi

Nilisikia vidole kabla sijamwona mwenye vidole. Ilikuwa kwenye sherehe ya kumuaga Sayi, binti wa Mama Sayi, katika ukumbi mmoja pale Bariadi, na mshereheshaji alikuwa amezima muziki ili ndugu wa upande wa pili waingie kwa heshima. Katika ukimya ule mfupi, nyuma ya kiti changu, mtu akagonga meza ya plastiki: pigo moja zito, mepesi matatu ya haraka, kimya, halafu pigo moja kubwa lililotikisa chupa za soda. Kisha akaanza tena. Nilikuwa na sahani ya pilau mapajani na kijiko kimefika nusu ya safari. Sikugeuka upesi. Niliuacha mzunguko uende, nikasubiri ufike pale penye kimya, ndipo nikageuka. Dotto alikuwa pale, ana kitambi na miwani, nywele zimerudi nyuma, anatazama mlangoni kama watu wengine wote, na mkono wake unacheza peke yake bila mwenyewe kujua.

Tulisalimiana kwa mikono miwili, kisha kwa Kisukuma, mwadila kwa mwadila, kila mmoja akimuulizia mwenzake hali ya ng'ombe ambao hakuna kati yetu anayewafuga. Aliniambia anafunga umeme kwenye mahoteli Arusha, ana watoto, na mkubwa wao anacheza gemu kwenye simu na hasikii akiitwa kula. Tulicheka. Halafu akavuta kiti karibu, akasema, "Limi, kuna kitu sijawahi kukuuliza. Joka najua lilikufa, Kamanda alinipigia simu. Ninachotaka kujua, siku ile nilipofunga mlango, uligeuka?" Muziki ukafunguliwa, akina shangazi wakaingia wakicheza na vitenge vyao vya sare, mmoja akaninyanyua kwa kiwiko, na swali likabaki kwenye kiti. Sikurudi kulijibu. Jibu lake ni refu kuliko nyimbo zote zilizopigwa siku ile, na lazima lianzie mbali kidogo, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mama Sayi, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa.

Ulikuwa mwaka ambao kila mtu Bariadi alikuwa ameitwa mahali. Mji ulikuwa umefanywa makao makuu ya mkoa, na bado ulikuwa unajifunza kuwa mkubwa; nyumba za kulala wageni ziliota kama uyoga, maofisa walishuka stendi na mabegi yenye magurudumu wakiuliza ofisi ambazo hazijapakwa rangi, na vijana niliosoma nao walikuwa wamepata vyuo Dodoma na Dar. Mimi matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa yameniacha mlangoni. Niliomba chuo upya, nikaambiwa nisubiri, na kusubiri huko kulinifanya niwe mtu wa kuamka, kufagia, na kukaa. Hakukuwa na sehemu yoyote duniani yenye kiti kinachoningojea mimi. Nalisema hili sasa bila uchungu, lakini wakati ule niliweza kukaa kibarazani asubuhi nzima nikiangalia malori ya pamba yakipita, nikiona hata marobota yanajua yanakokwenda.

Duka la Mama Sayi lilikuwa la pembejeo. Mbele kulikuwa na mbegu, mabomba ya kupulizia dawa yaliyoning'inizwa kwenye misumari, na chupa za dawa ya wadudu wa pamba ambayo harufu yake iliingia hata kwenye ugali. Nyuma, ukivuka pazia la maua, kulikuwa na chumba chenye kompyuta chache, nyingine nzima, nyingine za kuwekea vikombe, na juu yake bati lililoanza kulia kwa joto kila saa sita inapokaribia. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama jina langu limetoka kwenye tovuti ya vyuo. Nikiwa bado upande wa duka, nikasikia nyuma ya pazia mlio ule: moja, tatu, kimya, moja. Nikadhani kuna mtu amepanga chumba humo na anafundisha ngoma. Nilipofungua pazia nikamkuta kijana mrefu ameketi mbele ya kompyuta yenye nguvu kuliko zote, macho ameyafumba nusu, vidole vya mkono wa kushoto vikishuka kwenye vitufe. Kwenye kioo, msichana mwenye vazi jeusi alikuwa akiangusha radi juu ya sanamu la mbao.

Nilimuuliza huyo ni nani. Akanijibu bila kugeuka kwamba anaitwa Mbula, mvua kwa Kisukuma chetu, na kwamba ni mchawi. Sauti ya Mama Sayi ikaja kutoka mbele, ya taratibu, ya mtu aliyekwisha kulisema jambo lile mara nyingi: "Dotto, hapa nauza dawa. Mteja akisikia dawa na mchawi kwenye nyumba moja, mimi nitahamia wapi?" Kuanzia siku hiyo na mimi nikajifunza kusema fundi. Mbula alikuwa fundi wa radi, na ulozi wake wote uliitwa ufundi, na wakulima kutoka Ipililo na Shishiyu waliokuja kununua mbegu walitusikia nyuma ya pazia tukibishana kuhusu fundi gani apige wapi, wakadhani tunajenga.

Ufundi wenyewe nitaueleza kwa kifupi, maana hapo ndipo habari yote imelala. Lilikuwa gemu la mtandaoni, watu wa mbali wanakutana mle ndani, wanaunda kikundi kinachoitwa ukoo, na wanakwenda pamoja kupigana na vitu ambavyo mtu mmoja hawezi. Mbula alikuwa na silaha tatu. Ya kwanza tuliiita kiwasho: ilimwasha adui moto uliomla polepole kwa muda, kisha ukazimika. Ya pili ilikuwa cheche, ndogo na ya haraka, na kila cheche ilijaza wingu juu ya kichwa chake. Ya tatu ilikuwa radi, iliyoangusha wingu lote kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa nzito maradufu kama ilimkuta adui bado anawaka. Ukipiga radi moto ukiwa umeshazimika, umeitupa. Ukiwasha moto mpya na ule wa zamani bado unakula, umetupa moto. Kwa hiyo kulikuwa na mpangilio mmoja bora, mzunguko unaorudia na kurudia bila kupoteza chembe, na mafundi wa nchi nzima walikesha wakiutafuta. Wenzetu wa Dar walicheza kwa kuangalia alama ndogo chini ya kioo, ikizimika wanabonyeza. Sisi Bariadi tulikuwa na modemu iliyofungwa kwa kamba dirishani. Alama ilipozimika kwetu, kule kwenyewe ilikuwa imezimika zamani. Na vita vikipamba moto kompyuta ilishindwa, picha ikaganda, sauti tu ikaendelea. Ndiyo maana Dotto alifumba macho. Alicheza kwa masikio na kwa kumbukumbu ya mkono, akituma pigo kabla halijahitajika ili lifike wakati linapohitajika.

Tulianza kugawana Mbula bila kupanga. Dotto alikuwa fundi simu, meza yake ya kuchomelea ikiwa kwenye kona ya chumba kilekile, na mteja alipoingia katikati ya vita alilazimika kunyanyuka. Mwanzoni Mbula alikufa kila mteja alipokuja. Kisha nikaanza kukikalia kiti. Sikujua kitu, lakini yeye, akiwa ameinama juu ya simu ya mtu na moshi wa risasi ya kuchomelea puani, aligonga meza kwa mpini wa bisibisi, na mimi nikabonyeza alipogonga. Miezi ikapita hivyo. Ikawa hatuwezi kusema Mbula ni wa nani. Nilikuwa mkono na yeye alikuwa ngoma. Mchana Mama Sayi alituletea matobolwa ya moto kwenye bakuli, viazi vyake vilivyokaushwa na kuchemshwa, na karanga juu yake, akasimama kwenye pazia kuhakikisha tunanawa kabla ya kugusa mali yake. Alipenda kuuliza kama lile jitu tumeshaliua. Tukimwambia bado, alitikisa kichwa na kusema kwamba kwao mnyama akisumbua hivyo watu wangeshahama.

Jitu lenyewe lilikuwa joka la mwisho, na ukoo wetu ulikuwa haujawahi kulishinda. Kiongozi wa ukoo alijiita Kamanda. Hatukuwahi kumwona, alikuwa sauti ya Dar kwenye vipokea sauti, ya haraka, ya mtu anayeongea huku anakula. Kikosi cha kuliendea joka kilikuwa na watu wachache, kila mmoja na kazi yake, na nafasi ya fundi wa radi ilikuwa moja. Waliokuwa wakiigombea walikuwa Mbula na mwanafunzi mmoja wa Nairobi, ambaye mtandao wake, Kamanda alisema, ulikuwa kama maji ya bomba. Kamanda alikuwa na programu iliyopima kipigo cha kila mtu baada ya vita. Jumapili moja alituita pembeni. "Oya Mbula, sikia," akasema, "unapiga vizuri, ila una shimo. Kila raundi, kabla ya radi, unasinzia. Unafanya nini hapo, unakunywa chai?" Dotto alikasirika. Akasema ni mtandao. Kamanda akasema mtandao haukosei mahali palepale kila raundi. Walibishana mpaka Mama Sayi akachungulia kuuliza kama kuna simu ya mteja imeungua.

Nataka kusema hapa ni kwa nini jambo dogo kama lile lilinikaa kifuani. Watu wazima niliowaeleza baadaye walitabasamu. Ni mchezo, walisema. Lakini kile kilikuwa kiti. Kulikuwa na mahali, hata kama ni ndani ya kioo, ambapo watu walikuwa wakijadili kama nafaa au sifai, na sababu zao zilikuwa za haki: piga vizuri, utakaa. Chuo hakikuwa kimeniambia kwa nini. Kamanda aliniambia kwa nini. Nililala nikilifikiria shimo lile, nikaamka nalo.

Nililipata Ipililo, kwenye palizi. Mjomba wangu alikuwa ameita kikundi cha kulima kwa ngoma, wale wa bugobogobo, wakulima wanaokodiwa na ngoma yao na kushuka shambani kwa mstari, na mimi nikaingia kwenye mstari kama kila mwaka. Asubuhi udongo ulikuwa bado na unyevu. Ngoma ikaanza, majembe yakaanza kushuka, na katikati ya tuta la pamba nikagundua kwamba vidole vya mkono wangu wa kushoto vinabonyeza mpini. Pigo zito la kufungua udongo. Matatu mepesi ya kukwanyua magugu. Halafu ngoma inanyamaza, majembe yote yanapanda juu na kubaki hewani, aliye mbele analizungusha lake mkononi kwa madaha, wanawake kwenye mpaka wa shamba wanapiga vigelegele, na pwaa, yanashuka kwa pamoja. Nilisimama. Jirani yangu kwenye mstari, mama mmoja mnene, akanisukuma kwa kiuno na kuniambia kwamba mwenye kuota mchana arudi nyumbani akalale, jembe lake lina mtu wa kulitumia.

Dotto alikuwa amekulia Shishiyu, na ujana wake wote alipiga ngoma ya kikundi kama kile. Niliporudi nikamwambia. Alikuwa na simu ya mtu imefunguliwa matumbo mbele yake. Akagonga meza mara moja, akasikiliza. Akagonga tena, polepole, akafika kwenye kimya, na mkono wake ukapanda hewani wenyewe. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

"Yaani muda wote huu," akasema, "tunalima."

"Tunalima joka," nikamwambia.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema basi tuliondoe hilo shimo. Halikuwa jambo rahisi. Kile kimya kilikuwa kimeingia mwilini, kwake kwa miaka na kwangu kupitia kwake, na vidole vilikataa kushuka mahali ambapo kila kitu kilichotulea kinasema subiri. Tulifanya mazoezi kwenye sanamu la mbao hadi Mama Sayi akasema anaota ule mlio. Hatimaye tuliweza: moja, tatu, moja, bila nafasi, kama mashine ya kushonea. Kamanda alipima, akapiga mluzi. Shimo limezibwa. Akasema Jumapili tunakwenda kwa joka.

Tulikwenda, na Mbula alikuwa wa kwanza kufa. Joka lile lilikuwa na tabia ya kutema moto ardhini chini ya miguu ya mtu, na usiposogea unaungua. Kila fundi alijua: ukisogea, unavunja mzunguko wako, unapoteza kipigo, usiposogea, unapoteza roho. Wenzetu walikuwa na macho ya kuona moto ukianza kuwaka chini. Kwetu sisi, moto ulionekana Mbula akiwa tayari majivu. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Ya baada ya hapo, mwanafunzi wa Nairobi ndiye aliyekaa kwenye nafasi, naye pia alikufa, lakini alichelewa kufa kuliko sisi. Katikati ya majaribio yetu, mlango wa nyuma wa chumba, unaotokea uchochoroni, ulikuwa adui wa pili. Ulikuwa wa bati, bawaba yake imelegea, na mtu akiufungua bila kuuinua kwanza uliburuta kwenye saruji na kupiga yowe lililoingia hadi kwenye meno. Mara mbili Mbula alikufa kwa sababu ya mteja aliyepita uchochoroni.

Kilichotuokoa kilikuwa uchovu. Jumapili moja nilikuwa na njaa na hasira, nimeacha kujilinda, na vidole vikarudi vilikotoka: moja, tatu, kimya. Nikasikia Dotto akiguna kwenye meza yake, maana alisikia nimekosea. Lakini ndani ya kimya kile, mkono wangu wa kulia, ambao haukuwa na kazi, ukamsogeza Mbula hatua moja. Radi ikashuka. Mzunguko uliofuata, tena hatua moja. Moto ukawaka pale alipokuwa amesimama, yeye ameshaondoka, na radi yake haikuvunjika. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto wa Ipililo hapaswi kulisahau: jembe likiwa juu, mstari husogea. Watu hawapumziki pale, wanapiga hatua. Bila ile nafasi, wote wangebaki wamesimama wakilima shimo moja mpaka jioni. Tulicheza siku ile tukisogea kila mzunguko, moto uwepo usiwepo, na walipokufa wengine wote, Mbula alikuwa bado anatembea, peke yake na joka, akipiga kidogo kuliko wote na akiishi kuliko wote. Kamanda alimeza alichokuwa anatafuna. Halafu akasema, "Rudisheni shimo." Na hapohapo akasikia alichokisema. "Rudisheni? Mko wangapi humo?"

Tulimweleza. Dotto alieleza, kisha akanipa vipokea sauti na mimi nikaeleza. Sikutegemea kwamba angekasirika, na hakukasirika; aliuliza tu swali la kiongozi. Siku Dotto akiwa hayupo, Mbula ni nani? Nilimtazama Dotto nikitegemea acheke, aseme hataondoka popote. Alikuwa anatazama bakuli la matobolwa. Barua yake ya chuo cha ufundi umeme ilikuwa imekuja wiki ileile, Arusha, na lori la pamba la mtu wa kwao lingempeleka hadi Shinyanga akapande basi. Alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Mama Sayi alikuwa anajua. Niliona kwa jinsi alivyotoka kwenye pazia na kuanza kupanga chupa zilizokwisha kupangwa. Kamanda akaamua. Jumapili ya mwisho kabla Dotto hajaondoka tungelijaribu joka tena, na nafasi ingekuwa ya Limi kama Limi angeweza kucheza bila kugongewa. Asipoweza, mwanafunzi wa Nairobi ataikalia, na hakuna ubaya.

Nilifurahi kwa ajili ya Dotto, na furaha ile ilikuwa na mfupa ndani yake. Siku zilizobaki alinifundisha kwa kujipunguza. Kwanza aligonga taratibu. Kisha akagonga paja lake badala ya meza, nikawa nasikia kitambaa tu. Kisha akawa anaanza, ananiachia nimalizie. Tuliongea kidogo. Mchana mmoja, bati likilia, alisema kwamba alipokuwa mpiga ngoma, hofu yake kubwa ilikuwa ngozi ipasuke katikati ya shamba. Siku moja ikapasuka kweli, na mstari ukaendelea, majembe yakapanda na kushuka hadi mwisho wa tuta, yeye akiwa amesimama na mikono mitupu. Nikamuuliza alijisikiaje. Akasema alitamani kulia, halafu akachukua jembe. Nimelibeba neno lile miaka yote hii, na mara nyingi, nikiwa ninaandika na hakuna anayenigongea meza, nimeona mikono yangu ikipanda na kubaki hewani, na nimejifunza kuiacha ibaki kidogo.

Jumapili yenyewe Mama Sayi alirudi kutoka ibadani bado na gauni lake jeupe, akiwa amebeba mfuko wa michembe, viazi vikavu, na karanga za safari. Lori lilikuwa limeegeshwa uchochoroni, limejaa marobota, na dereva alikuwa na haraka. Dotto aliketi kando yangu, begi miguuni, na mikono yake miwili ameikalia. Nilicheka nilipomwona. Akasema haiamini. Kamanda akahesabu, kikosi kikaingia, na joka likafungua mbawa. Picha ikaganda karibu mara moja. Nikafumba macho nusu.

Sijui kueleza kilichofuata isipokuwa kwamba nilikuwa kwenye mstari. Kiwasho, cheche tatu, jembe juu, hatua, radi. Nilisikia moto ukiwaka nyuma ya Mbula na nikajua tumeshapita pale. Nilisikia mponyaji wetu akiomba nafasi, Kamanda akiita majina, mmoja akifa, mwingine akifa. Nilisikia pia, kupitia pazia, dereva akimuuliza Mama Sayi huyo kijana anatoka lini, na Mama Sayi akimjibu avumilie kidogo, wako ndani wanaua joka. Dereva akauliza joka la aina gani. Akasema kubwa. Kukawa na ukimya wa mtu anayetazama chini ya kaunta. Kisha honi ya lori ikapigwa, ndefu, na kiti cha Dotto kikalia kwa kunyanyukiwa. Hakusema kitu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba hatasema. Nilihisi mkono wake ukipita juu ya bega langu bila kuligusa, kama mtu anayepima joto la sufuria, na nikasikia begi likipanda.

Uhai wa joka ulikuwa umebaki kidogo. Kamanda alikuwa ameacha kuita majina, maana tuliobaki tulikuwa wachache. Nyuma yangu hatua za Dotto zilifika kwenye mlango wa bati, nami nikausubiri ule mburuto, lile yowe la kwenye meno, nikijua kwamba ukija vidole vyangu vitaruka, na kwamba nikigeuka, hata kwa kufumba na kufumbua, mstari utasimama. Haukuja. Nilisikia chuma kikinyanyuliwa taratibu, alikuwa ameuinua. Upepo wa uchochoroni ukanigusa shingoni, na harufu ya pamba. Na hapo Dotto akasimama. Lori linanguruma, dereva anaita, naye amesimama na mlango mzima mikononi, hewani. Nikatuma kiwasho. Nikatuma cheche, na cheche, na cheche. Kimya kikafika, nikamsogeza Mbula hatua moja, na ndipo nikaelewa anasubiri nini.

Sikugeuka, Dotto. Hukuniachia sababu. Radi yangu ilishuka, na mlango ukafungwa nayo, pigo moja, mahali pake.